Maelekezo ya Mratibu kwa Wasailiwa wa Kituo cha Teknolojia Nyahanga

Mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi wa mgeni rasmi. Waheshimiwa madiwani mliopo na mlio njiani. Viongozi wetu wa dini. Wadau wa maendeleo mlioketi kwenye viti vyenye vitambaa, na ninyi vijana wasailiwa mliosimama juani. Itifaki imekaa sawa, na kama kuna niliyemruka ajitaje mwenyewe kimoyomoyo. Mwangaluka. (Umati: Mwangaluka.) Mimi ndiye Pantaleo, Mratibu Mkuu wa Mpango Kamambe wa Dhahabu ya Kidijitali, na nimefika kuwaeleza, kwa mapana na marefu, nini mtarajie mtakaposailiwa nafasi za intenshipu katika Kituo chetu cha Teknolojia, ambacho jiwe lake la msingi mnaliona hapo mbele yangu, juu ya zulia. (Makofi kutoka kwenye viti vyenye vitambaa.)

Usaili, ndugu zangu, ni mchakato. Mtaambiwa mjieleze. Msijieleze sana, maana anayejieleza sana anaonekana hana mtu ofisini. Mtaulizwa uzoefu wa kazi, kwa kuwa kituo hiki kinachowapa vijana uzoefu hakiwezi kupokea vijana wasio na uzoefu. (Minong'ono.) Mtaulizwa mnajiona wapi miaka mitano ijayo, jibu sahihi ni hapahapa, mkiwa na subira. Halafu kuna jaribio la vitendo. Kompyuta ziko katika hatua za juu kabisa za manunuzi, kwa hiyo programu yako utaielezea kwa mdomo, na jopo litafumba macho na kuiona. Utafiti nilioufanya mwenyewe nikiwa kwenye gari unaonyesha utayari wa kidijitali katika kanda yetu umefikia asilimia mia na nne, na mimi binafsi, bila kujisifu, nimechangia hizo nne. (Makofi.)

Naona mkono. Sema, binti. Marahaba. Anaitwa Vumilia, ametokea Kambarage, alikuwa anatengeneza simu kwa fundi mmoja pale, na fundi amemwambia akija huku asirudi tena, kiti chake anapewa mwingine. Anauliza jengo liko wapi. (Vijana: Eeh, liko wapi?) Binti yangu, swali zuri, ila umelileta mapema. Wewe unawaza matofali, sisi tunawaza ekosistimu. Watu wa Geita na Songwa hawajaniuliza jengo hata mara moja, wamekaa kimya na wamefaidika. Hongera kwa kujitoa, na huyo fundi mwambie nimemsalimia.

Sasa nifunge. Dhahabu ya Kidijitali! (Umati: Ichimbwe!) Vijana na intaneti! (Vijana wachache: Iwake.) Kwa namna ya pekee nawashukuru ninyi, wahitimu wangu. Ndiyo, wahitimu. Ile picha tuliyopiga asubuhi, mkiwa mmevaa hizo fulana zilizoandikwa MHITIMU, imeshawafikia wafadhili, na wamefarijika mno kuona kituo kimejengwa, kimefundisha na kimemaliza kazi yake bila kusumbua mtu. (Vijana wanayatazama maandishi vifuani mwao.) Kwa hiyo usaili hautakuwepo, mmeshauvuka. Naomba mzivue fulana, mzikunje vizuri, mzikabidhi kwa dereva wangu, Baba Loveness, kwa sababu wenzenu wa Geita wanahitimu mchana huu na hawana za kuvaa. Na wewe Vumilia, uliye karibu, msaidie Baba Loveness kulibeba jiwe la msingi mpaka kwenye buti la gari. Taratibu, lisipate ufa, limeshazindua vituo vingi hilo. Asanteni, wabeja sana.

(Vumilia analikalia jiwe.)

Binti, nyanyuka hapo. Baba Loveness, hebu mwambie anyanyuke. (Vijana wanakuja mmoja mmoja, wanaketi kwenye zulia kumzunguka, fulana zikiwa mwilini.) Jamani, Geita wanatusubiri.