Kujikausha kwa Ajili ya Mahari ya Anne

Jumatatu, 3 Agosti 1992

Tumbo limefunguka. Ndoano ilinichoma mguu ufukweni, mguu ukavimba, dispensari wakanipa vidonge vikali. Mguu unapona. Tumbo limeasi. Tangu asubuhi naishi chooni kama mfungwa wa siasa, bila hata heshima ya kufungwa kwa siasa.

Na Jumamosi ni mahari ya Anne! Mtoto wa marehemu mdogo wangu. Mimi ndiye msemaji wa ukoo. Kwetu msemaji akiinuka kitini kabla mambo hayajakatwa, amepoteza neno, na wa pili wake anaendelea. Wa pili ni Bonaventure, kitinda mimba wetu, ambaye hajawahi kupinga hata mbuzi. Na msemaji wa upande wa mume ni nani? Hubert! Karani mstaafu wa reli, adui yangu tangu tulipogombania demokrasia mlangoni pa kanisa. Atamchukua mtoto wetu kwa kuku wawili na salamu.

Jumanne, 4 Agosti

Muuguzi, Mama Clémentine, ametoa amri. Vidonge nisiache. Ninywe maji yaliyochemshwa, yenye sukari na chumvi kidogo sana, kila nitokapo chooni. Maji ya wali. Ndizi zilizoiva. Maharage, mawese, pilipili, kahawa: marufuku. Nilimuuliza ni mwanafalsafa gani aliyefundisha kwamba pipa linalovuja dawa yake ni kulijaza. Akaita mgonjwa anayefuata.

Jumatano, 5 Agosti

Ufunuo! Nimepita ufukweni, wanawake wanaanika ndakala, dagaa wetu wa ziwa, mchangani. Ndakala mbichi inaoza kabla ya jioni. Iliyokauka inapanda treni, inafika Lubumbashi, haidondoshi tone. Kilichoondoka ni nini? Maji! Watu wa ziwa wanajua jambo hili tangu mababu, dispensari haijui.

Mpango: sinywi kitu. Nalamba chumvi. Nakaa juani. Mke wangu Pascasie amezunguka mtaa mzima kuomba sukari, siwezi kumwaga jasho lake. Kila chupa ya maji ya sukari nampa Bonaventure kwa siri. Maji ya wali pia. Ndizi pia. Anashukuru.

Alhamisi, 6 Agosti

Naenda chooni mara chache! Kichwa kinazunguka, lakini hiyo ni kawaida ya mtu anayefikiri. Ulimi kama ganda la mti. Mkojo umegoma.

Anne amekuja na ndizi. Akanitazama macho yalivyozama, akapiga magoti. Akasema, “Papa mukubwa, kunywa. Nikikukosa, nitakuwa nimezika baba mara ya pili.” Nikamwambia nimekunywa. Akaishika mikono yangu muda mrefu, kama mtu anayepima kitambaa. Alipoondoka nilikaa na aibu hadi jioni. Kisha nikalamba chumvi.

Jumamosi, 8 Agosti

Naandika nikiwa nimelala. Wageni walifika. Nilikaa kitini, tumbo kimya kabisa. Ushindi wa sayansi! Hubert alifungua kwa maneno ya majivuno. Nilikuwa na jibu lililoanza na haki za yatima na kumalizikia kwenye uchelewaji wa treni. Nikafungua mdomo. Ulimi haukutoka mahali pake. Nikasukuma. Hakuna neno, wala mate ya kulibeba.

Kisha paa likainama. Nasikia nilianguka.

Natoa hoja: aliyeanguka kutoka kitini hakuinuka. Kisheria neno bado ni langu. Niliieleza hoja hii kwa ishara za mikono kwa watu wanne walionibeba. Wakaongeza mwendo.

Jumapili, 9 Agosti

Hospitali. Chupa ya maji inaning'inia juu yangu, sindano mkononi. Figo, wanasema, zilikuwa zinaaga. Pascasie analia na kunitukana kwa zamu. Mama Clémentine amekuja kutoka dispensari; aliposikia habari ya ndakala, hakucheka. Akasema, “Papa Salomon, ndakala zinakufa kwanza, njo zinaanikwa.”

Ananifundisha habari za ndakala. Mimi!

Bonaventure amekuja, mashavu yananawiri kwa sukari yangu. Jana aliketi kitini pangu mchana kutwa bila kuinuka. Nikamuuliza alimpiga Hubert kwa hoja gani. Anasema hakuna. Kila Hubert alipotaja kitu, yeye alitikisa kichwa na kuuliza kwa upole, “Na kingine?” Hubert, kwa kuogopa kuonekana bahili mbele ya watu, aliongeza. Mbuzi, vitenge vya mama, blanketi la shangazi, baiskeli. Mwishoni Hubert alimkumbatia.

Baiskeli! Na hakuna hata tusi moja lililotolewa. Ukoo umekwisha.

Anne amelala usiku kucha kando ya kitanda changu, kwenye mkeka. Hajala karamu yake mwenyewe. Nilimwambia aende. Akasema ataondoka kwetu kwenda kwa mume siku nitakayotembea.

Jumatatu, 10 Agosti

Mama Clémentine anataka nianze kwa mdomo: maji ya wali, kijiko kwa kijiko. Siku mbili tatu hivi, nitatembea.

Lakini nimechunguza ile chupa. Maji yanapita mkononi. Hayapiti tumboni kabisa! Kwa hiyo kazi ya maji sasa ni ya mkono, na tumbo limeachiliwa huru, lina haki ya kula linachotaka. Hospitali nzima haijaliona hili.

Nimemwomba Pascasie maharage yenye mawese na pilipili nyingi. Amekataa kwa maneno ambayo siyaandiki. Anne naye amekataa, kwa machozi.

Nimemwomba Bonaventure. Hajawahi kupinga mtu.

Nasikia harufu ya mawese mlangoni.