Kwaya ya Mtu Mmoja

Jumatatu, 2 Agosti 1993
Kwaya imenikimbia. Nzima! Watu kumi na wanane wamehamia kwa Gideoni, msaidizi wangu, ati mimi nafoka sana. Padri kasema Jumapili, sikukuu ya kigango, nisipoleta waimbaji ualimu wa kwaya anapewa Gideoni. Fundi baiskeli! Na mimi nimefundisha miaka sita.

Jumatano, 4 Agosti
Ofisini kwangu wameziondoa kazini mashine mbili kuukuu za kurekodi, zile za magurudumu makubwa. Siku hizi za ruksa ya bidhaa za nje kila mtu anataka redio kaseti ya Dubai. Nikaomba, nikapewa.

Nimeziweka hatua mbili mbali, mkanda mmoja ukapita katika zote. Ya kushoto inanasa sauti, ya kulia inaitoa kwa spika, na ya kushoto inainasa tena. Nikaimba Aleluya. Kimya. Nikahesabu hadi kumi. Aleluya ikarudi! Nikaimba sauti ya pili juu yake. Zikarudi mbili. Kisha tatu. Kisha nne! Mungu wangu. Nilikaa chini, vinyweleo vimesimama. Chumba kizima kimejaa mimi, na hakuna hata mmoja aliyechelewa mazoezi.

Ijumaa, 6 Agosti
Kasoro ndogo. Mashine haichagui. Nilikohoa, kikohozi kikajiunga na kwaya. Jogoo wa jirani naye anaimba besi. Mke wangu Generosa kauliza kwa nini nisimwombe tu Gideoni radhi. Nikacheka. Kicheko kikarudi mara tano, kila mara cha kipumbavu zaidi.

Jumapili, 8 Agosti
Sijui niandikeje.

Kigango kilifurika, watu hadi wa Mvumi. Nikawasha mashine. Kabla sijaimba nikamwona Bibi Anyesi, mama yake Gideoni, kaketi mbele kabisa. Mtu mzima lazima asalimiwe. Nikasema shikamoo. Akaitika marahaba. Baada ya sekunde kumi mashine nayo: shikamoo! Bibi akaitika tena, kwa heshima zote. Ikarudi, akaitika. Marahaba zake nazo zikanaswa. Wazee wa nyuma wakadhani wanasalimiwa wao, wakaitika.

Nilitaka kuzima. Mkono ulikataa. Bibi alisimama, mabega yakaanza kutikisika kwa mtindo wa ngoma ya Kigogo, akaingiza sauti mpya palepale palipobaki nafasi, bila kufundishwa na mtu. Waimbaji wangu kumi na wanane wakainuka. Gideoni akashika ngoma. Paa lilitetemeka. Sijawahi kusikia kitu kama kile maishani. Nililia mbele za watu.

Padri kasema kwaya ni yangu. Gideoni kanipa mkono. Wote wanarudi, ila nisifoke.

Jumatatu, 9 Agosti
Mazoezi ya kwanza. Wamechelewa robo saa! Wawili wakakohoa. Nimefoka, nimewatimua wote pamoja na Gideoni. Wa nini? Mkanda wa jana ninao, wote wamo humo. Tena nasikia Mpwapwa kuna mashine ya tatu.

Nimebaki peke yangu, nikawasha mkanda. Shikamoo, ikasema sauti yangu. Hatimaye mtu mwenye adabu! Nikaitika marahaba.