Vigingi vya Miaka Thelathini

Jumatatu, 3 Machi
Dada Mkubwa katuita ndugu wote sebuleni kwake. Eti shamba la marehemu mama liwe bustani ya mtaa mzima, milele. Haligawanywi, haliuzwi. Mama alilisha nusu ya mtaa kwa mboga za pale, kasema, na yeye Dada akifa wajukuu watalikatakata kama keki. Mpimaji anakuja tarehe 14, kisha sote tuweke saini. Wote wakaitikia. Mimi nikakohoa. Ile kona ya barabarani yenye kivuli nina mpango nayo: kibanda cha drafti. Jirani yangu fundi cherehani kanifunga mara tisa barazani kwake. Kwangu hawezi!

Jumanne, 4 Machi
Akili ninayo. Nimekata matawi kumi na mawili, nikayachonga vigingi, nikavipigilia kuizunguka kona. Nikavipaka matope vizeeke. Mgongo hoi. Nimemwambia Dada kwamba mama alinikatia kipande hicho miaka thelathini iliyopita, na vigingi ndio ushahidi. Kaniangalia tu. Nimemweza!

Jumapili, 9 Machi
Mvua siku tatu mfululizo. Nimeshinda ndani nachora kibanda. Nikamwonyesha fundi cherehani mchoro. Kauliza kiti cha mshindi kiko wapi, ajue atakapokaa. Hana haya mzee yule.

Ijumaa, 14 Machi
Aibu! Mpimaji kafika na kamba yake. Nikamsimulia habari za vigingi kwa sauti ya msiba. Akainama. Akachungulia kimoja, cha pili, cha tatu. Vyote vimechipua majani!

“Mzee wangu,” kasema, “hivi vimelala miaka thelathini, vikaamka wiki hii?”

Fundi cherehani, aliyekuja kutazama tu, alicheka mpaka akakaa chini kwenye tope.

Dada hakucheka. Kashika jani moja.

“Mdogo wangu, kumbe ulikuwa unatupandia ua wa bustani. Mama angefurahi.”

Nikakosa pa kuweka macho. Nikatia saini. Kona ikaenda.

Jumapili, 16 Machi
Bustani imefunguliwa. Nimepewa cheo: mmwagiliaji wa ua. Majirani wananishika mkono, mama mmoja kaniombea maisha marefu. Nimekaa nikayatafakari makosa yangu kwa moyo mweupe. Nimeona ni moja tu: nilikata miti mibichi.

Kule upande wa bomba kuna kipembe kizuri. Matawi nimeshayaanika juu ya paa. Safari hii yatakauka kabisa.