Malalamiko Dhidi ya Kamati ya Kuhakikisha Mama Hajafa

Ndugu Mwenyekiti, ambaye pia ni mwanangu wa kwanza,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, kama ulivyoarifiwa leo asubuhi kwenye simu uliyoikata kabla sijamaliza kulitamka neno hilo.

Nakuandikia rasmi kwa sababu kwa mdomo hunipi nafasi. Tangu nilipostaafu uuguzi na baba yenu akatutoka, wewe na wadogo zako wawili mmeunda kamati ya kunipigia kila asubuhi kwa zamu ili kuhakikisha sijafa. Nia yenu ni njema, nashukuru. Lakini mmenichosha, na malalamiko yangu ni haya:

1. Maswali yenu. Umeamka? Umekula? Umemeza dawa? Haya mama, baadaye. Jamani! Maisha yangu yote ya kazi nimezunguka vitanda vya wagonjwa, na hata yule asiyejitambua nilikuwa namweleza kama nje kuna jua au mvua. Nyinyi mnanipima mapigo kisha mnahamia kitanda cha pili. Na hilo la kuamka silielewi kabisa. Kama sijaamka, mnategemea nani apokee?

2. Kitinda mimba wetu. Huyu hata hapigi, anatuma ujumbe wa sauti. Nilikuwa namjibu kwa kirefu, habari za goti langu, habari za paka wa jirani aliyezalia kabatini mwangu, mpaka nilipogundua kwamba kila zamu yake honi ya lori inalia palepale, baada ya kuniuliza kama nimekula. Kumbe alijirekodi mara moja tu, ananitumia ileile! Muda wote huo nimekuwa nikizungumza na lori. Nililieleza hadi ninavyomkumbuka baba yenu. Iliniuma, sitaficha.

3. Mlango. Kanuni yenu inasema nisipopokea, yule fundi wa kuchomelea wa nyumba ya jirani auvunje mlango. Mwezi uliopita akauvunja kweli. Alinikuta bafuni na povu kichwani, na nyuma yake nusu ya mtaa. Muuza mkaa alikuwa ameshaanza kulia. Mama mmoja, Mungu anamwona, alikuwa ameshika sufuria yangu kubwa akiulizia itabaki kwa nani. Kufikia jioni mlikuwa mmefika wote watatu pamoja na wajukuu, viatu vimejaa mlangoni ambapo mlango wenyewe haupo. Mkala chakula changu chote, mkacheka mpaka kitinda mimba akapaliwa. Usumbufu mtupu.

4. Fundi saa aliyekuwa akiishi mkabala na mimi. Enzi za uhai wake hakupata mgeni hata wa kuomba chumvi. Alipofariki, magari yalikosa pa kuegeshwa! Watoto wake wote walipewa ruhusa kazini, wakakaa, wakamsifu, wakakumbushana vituko vyake. Yeye tu ndiye hakufaidi. Ni dhahiri basi kwamba marehemu anatunzwa vizuri kuliko mzee.

Kwa hiyo naomba simu zikome mara moja. Badala yake nihesabiwe marehemu kila mwezi, Ijumaa moja. Mtaomba ruhusa ya msiba, mtakuja wote, mtakaa nami kutwa nzima mkisimulia nilivyokuwa mama mwema, nami nitakuwepo kuwasahihisha. Wasifu wangu nitausoma mwenyewe, maana wewe unameza maneno. Kulia si lazima, ila mkaza mwanangu akitaka kulia asizuiwe, tumetoka mbali naye.

Ombi hili likikataliwa, nitakufa bila taarifa na kamati itajijua.

Wasalimie wajukuu, mmoja mmoja, na uwaambie paka ana watoto. Msalimie mdogo wako wa kike. Msalimie na kitinda mimba, pamoja na lori lake.

Ni mimi mama yenu mzazi,
Marehemu Mtarajiwa.

Nyongeza: Siku ile ya mlango, simu niliisikia. Ilikuwa pale kwenye sinki, inatetemeka kando ya sabuni. Niliitazama mpaka ikanyamaza, ndipo nikajipaka povu. Ijumaa hii pia sitapokea. Mwambie fundi asije na nyundo, mlango nitauacha wazi, na sufuria kubwa nitaibandika mapema. Kwa hiyo hilo la simu kukoma lifute. Msiponipigia, nitaachaje kupokea?