Kiti Chenye Mgongo

Kijiwe chetu kipo ubavuni mwa karakana ya baiskeli, na kina vikalio vya aina mbili. Kuna benchi, yaani ubao mmoja juu ya makreti mawili, ambalo ni la watu wa kawaida. Halafu kuna kiti chenye mgongo. Kilitupwa na zahanati fulani ya meno ilipohama. Kina mikono miwili, kinazunguka, na ukikiegemea kinalala nyuma kidogo kama kinakupa pole. Mimi ni mshona nguo, uti wangu umepinda kwa cherehani, na kwa miaka kumi na moja nimekitazama kiti hicho kwa wivu ambao siuonei haya.

Nakitazama tu kwa sababu kina mwenyewe. Kila mwaka, Jumapili moja katikati ya msimu wa joto, sisi wa kijiweni tunapanda kilima kwa baiskeli, kwa ile njia ya mawe, hadi kwenye mnara wa simu. Tunaondoka pale kivuli cha benchi kinapoingia chote chini ya benchi, maana yake jua liko utosini. Anayefika wa kwanza anakalia kiti mpaka mwaka unaofuata. Miaka yote kumi na moja wa kwanza amekuwa Chuma.

Chuma ni msoma mita za maji. Jina amelipata kwa baiskeli yake ya chuma, ingawa mwenyewe husema ni kwa sababu ya mapaja. Siku hizi kiuno kinamsumbua, na daktari amemwambia asikae pasipo na pa kuegemea. Sote tunalijua hilo, naye anajua tunalijua, ndiyo maana hatulisemi. Asipokuwa na kile kiti, jioni zake za kijiweni zimekwisha, na nyumbani hana pa kupeleka maneno yake kwa sababu mkewe alishazisikia hadithi zote.

Sasa siku ile moto uliwashwa na Gazeti. Huyu ni mlinzi wa ghala. Anatuletea habari kutoka kwenye simu yake, na sijawahi kumwona akisoma zaidi ya kichwa cha habari.

"Bibi wa miaka sabini na moja," akasoma, "apanda mlima kwa baiskeli ya umeme, saa sita mchana, bila kutoka jasho."

Chuma alikuwa anajizungusha kitini taratibu. Akaacha kuzunguka.

"Bila nini?"

"Jasho."

"Basi hakupanda. Kapandishwa."

Fundi, mwenye karakana, alikuwa anatafuta tundu kwenye mpira wa tairi ndani ya beseni la maji. Akasema bila kuinua kichwa kwamba mota ya zile baiskeli haikusukumi mpaka wewe mwenyewe ukanyage, kwa hiyo huyo bibi naye miguu ilifanya kazi. Chuma akamuuliza kama mtu anayetafuniwa chakula naye tuseme anatafuna.

"Ile ni pikipiki yenye aibu," akaendelea. "Pikipiki halisi inanguruma, unaijua, unaiheshimu. Hii inajifanya baiskeli. Mtu anakupita mlimani, anakusalimia, na wewe huna hata pumzi ya kuitikia. Huo ni ustaarabu?"

Nikatia neno langu, kwamba jua la msimu huu si la kuchezea. Mwaka jana nililala kona ya nne mpaka mbuzi akaja kuninusa kuona kama bado naishi. Mtu akipata betri ya kumvusha pale, mimi simlaumu.

"Joto ndiyo mlima wenyewe," akasema Chuma. "Ukiondoa joto umebaki na mteremko uliogeuzwa."

Gazeti akataka kujua yule bibi alipofika juu alipewa zawadi au la. Tukamwambia asome habari yenyewe. Akasema betri ya simu imepungua.

Tulikuwa katika hayo wakati Mama Mkunga alipotokea, na hakuna aliyemsikia akija. Huyu mama amestaafu ukunga. Fundi kamtoa yeye, Gazeti kamtoa yeye, na robo tatu ya mtaa imeuona uso wake kabla ya uso wa mtu mwingine yeyote. Tena ni dada mkubwa wa mke wa Chuma. Alikuja juu ya baiskeli nene ya kijivu, matairi ya mlimani, betri kama kisanduku imepachikwa tumboni mwa baiskeli. Binti yake amemnunulia. Tukasimama kumwamkia, naye akaitikia mmoja mmoja.

"Karibu, shemeji," Chuma akasema kutoka kitini. "Naona umekuja na jokofu lako."

"Nimekuja kujiandikisha kwa Jumapili," akajibu Mama Mkunga.

Chuma akacheka peke yake, kisha akaona hatumfuati. Akainuka akishika kiuno, akachukua chaki ya Fundi, akasogea ukutani pale tunapoandikaga majina ya washindi, yaani jina lake. Akaandika kwa herufi kubwa: ATAKAYEFIKA MNARANI KWA UMEME HANA KITI WALA BENCHI. ATASIMAMA MWAKA MZIMA.

Mama Mkunga akavaa miwani, akasoma mara mbili kama anasoma cheti cha mgonjwa.

"Inahesabiwa baiskeli uliyoondoka nayo, au uliyofika nayo?"

"Kufika," akasema Chuma. "Kuondoka kila mtu anaondoka. Huyu mshona nguo anaondoka kila mwaka."

"Basi tia sahihi yako hapo chini, shemeji, isije kesho ikaonekana imeandikwa na mtoto."

Chuma akatia sahihi yenye mikia miwili. Mama Mkunga akasema hana ugomvi na sheria, atakuja tu kutubebea maji. Tukamshukuru, sote tukaona amekubali yaishe.

Jumanne yake aliniletea suruali, akataka niipanue magoti na nishone makalio mara mbili. Mtu wa betri anahitaji magoti mapana ya nini, sikumuuliza. Mimi nashona, sichunguzi.

Jumapili ilifika na jua lake. Gazeti tulimtanguliza asubuhi akae mnarani awe shahidi, na kivuli kilipozama chini ya benchi tukaondoka wanne. Fundi hakufika mbali. Baiskeli yake ndiyo mbovu kuliko zote zinazoingia karakana ile, na kona ya kwanza tu cheni ilikatika, akabaki kando ya njia anajitukana mwenyewe. Mimi nilikuwa nyuma kama kawaida yangu, ulimi nje, mikono inateleza kwenye usukani kwa jasho. Mawe ya njia yalikuwa yanatoa joto kama pasi. Juu yangu nilimwona Chuma ameinama, mgongo umelowa, anakanyaga kwa hasira. Mama Mkunga akampita bila haraka, maji yamefungwa nyuma, mwavuli umechomekwa kando.

"Habari za safari, shemeji?" akamwuliza.

Chuma hakuwa na pumzi ya kuitikia.

Nilipojikokota hadi kona ya tatu nikamkuta mama ameketi juu ya jiwe chini ya mwavuli wake, na ile baiskeli imelala. Taa yake ndogo ya usukani imezimika. Chuma alikuwa ameshampita hatua kama kumi, halafu amesimama. Mimi niliangukia kivulini mwa kichaka, nikapewa chupa ya maji, na kutoka hapo niliona yote.

Niliona mtu akipigana na nafsi yake. Mnara ulikuwa unaonekana kabisa, kona mbili tu. Kiti hicho pale. Lakini huyo aliyekaa juani ni dada wa mkewe, aliyewapokea watoto wake watatu kwa mikono yake. Ampite, jioni aseme nini nyumbani? Nilimwonea huruma kweli, nikasahau hata wivu wangu.

"Imezimika?" akauliza.

"Si unaona taa."

"Nilisema mimi. Nilisema. Haya, shika yangu, ni nyepesi. Hili jokofu nitalisukuma mimi."

"Ni kilo ishirini na nane, shemeji. Na kiuno chako?"

"Kiuno changu kina nini?" akajibu, kwa ukali wa mtu mwenye kiuno.

Mama Mkunga akaiinua ile baiskeli, akapitisha kitambaa kwenye usukani, pale penye ufunguo, kana kwamba anafuta vumbi, akamkabidhi. Nilikuwa nimelala chini, na kutoka chini ndipo nilipoiona ile taa ndogo imegeuka kijani. Nikafungua mdomo. Mama akanitazama kwa jicho moja, na mdomo ukajifunga wenyewe.

"Pumua taratibu, shemeji," akamwambia Chuma. "Kusukuma kutakuja kwenyewe."

Ndilo neno lake la kazini. Nusu ya mji imezaliwa kwa neno hilo.

Chuma akasukuma hatua ishirini, akasimama. Akasukuma kumi, akasimama. Mwisho akajipandisha kwenye siti, apumzishe kiuno kidogo tu, na mguu ukaangukia pedeli. Baiskeli ikasogea. Akatazama nyuma kama mtu aliyesukumwa kwenye foleni. Akakanyaga tena, ikasogea zaidi, na sasa hakutazama nyuma. Halafu nikasikia sauti ambayo sijaisikia miaka kumi na moja, maana Chuma hucheka kwa pua tu. Alikuwa anacheka kwa mdomo, kwa tumbo, mpaka mwangwi ukarudi, na ile kona ya nne iliyonilaza na mbuzi akaipita kama anateremka.

Mama Mkunga hakumwangalia hata. Akaingiza ncha za suruali ndani ya soksi, akapanda ile baiskeli ya chuma, akashusha gia mpaka ya mwisho, akaanza. Miaka thelathini na nne alikuwa akivuka kilima hiki kwenda kuzalisha upande wa pili, kwa baiskeli isiyokuwa hata na gia. Hakwenda kasi. Alikwenda vilevile mwanzo mpaka mwisho, jasho linamdondoka kidevuni, na hakuweka mguu chini. Mimi nilifuata kwa miguu, baiskeli nimeiegemea kama mkongojo, kwa sababu jambo hili nilitaka kuliona likiisha.

Juu nilimkuta Chuma amesimama chini ya mnara, baiskeli bado katikati ya miguu, mikono hewani, anamwamuru Gazeti aandike mwaka wa kumi na mbili. Mama Mkunga alikuwa ndiyo anashuka baiskelini. Akaegemeza baiskeli, akajifuta uso, akauliza kwa upole:

"Umefika na nini, shemeji?"

Chuma akatazama chini. Ile taa ya kijani ilikuwa inawaka usukanini, mbele ya tumbo lake. Akasema alikuwa anamsaidia kuisukuma, kila mtu ni shahidi. Gazeti, ambaye maisha yake yote hajawahi kuwa na habari nzima mkononi, akainua simu akatuonyesha video. Chuma anatokea kwenye kona akicheka mdomo wazi, miguu yote miwili kwenye pedeli, anaimba.

"Ilikuwa imezimika," Chuma akasema. Sauti ilikuwa imepungua. "Si ulisema imezimika?"

"Wewe ndiye uliyesema. Mimi jua lilikuwa kali, nikaona ipumzike."

Tulirudi chini. Mbele ya ukuta Fundi, aliyekuwa ameshaunga cheni yake, aliombwa asome sheria kwa sauti, akasoma mpaka ile mikia miwili ya sahihi. Mama Mkunga akakaa kwenye kiti chenye mgongo. Akazunguka mara moja, akaegemea, kiti kikalala nyuma, akafumba macho.

"Kazi yangu yote nimesimama miguuni pa vitanda nikingoja watoto wa watu," akasema. "Mlitaka na kustaafu nistaafu nimesimama?"

Chuma alibaki wima karibu na mlango, mkono kiunoni, na baada ya robo saa akaaga. Siku tatu hakuonekana. Tulicheka siku ya kwanza tu. Kijiwe bila mtu wa kubisha naye kilikuwa kama chai isiyo na sukari, na nilijuta kwamba pale kichakani nilinyamaza.

Alhamisi akaja. Hatukumsikia akija, na hapo tulipaswa kuelewa. Baiskeli walikuwa hawajarudishiana tangu mlimani, kila mmoja akisema atamrudishia mwenzake wakikutana, na Gazeti alishatuambia kwamba mita za maji wiki ile zilikuwa zinasomwa kwa kasi ya ajabu, kwa njia za uchochoroni. Chuma akaiegesha ile baiskeli ya kijivu sambamba na ukuta, akashusha kigingi, asishuke. Akaegemeza mgongo ukutani, juu ya maandishi yake mwenyewe, akatulia.

"Inuka, bwana," Fundi akasema. "Mwaka mzima."

"Soma vizuri. Hana kiti wala benchi. Siti ya baiskeli imetajwa wapi?"

Fundi alimsogeza bega kidogo akasoma, akafikiri. Haikutajwa. Tukapiga makofi, nami nilifurahi zaidi ya wote. Hata Mama Mkunga aliinuka kitini akaja kumpa mkono, akamshika bega, akamkung'uta vumbi hapa na pale mpaka usukanini, akamwambia kijiwe kilikuwa kimepooza bila yeye. Chuma akapata pumzi. Akatueleza kwamba hizi baiskeli watu hawazielewi, kwamba mota haikusukumi mpaka ukanyage, na kwamba anayezibeza hajawahi kusoma mita mia na ishirini kwa siku kwenye joto hili. Fundi akayasikiliza maneno yake mwenyewe yakirudi, akatikisa kichwa tu.

Jua lilipopoa Mama Mkunga akaaga wa kwanza. Akapanda baiskeli ya chuma, akaondoka akipiga kengele. Baadaye Chuma naye akakunja kigingi, akatuaga kwa mbwembwe, akakanyaga.

Baiskeli ikamgomea. Akakanyaga tena. Taa haikuwaka. Akapapasa pale usukanini mahali pa ufunguo, akakuta tundu tupu.

Nyumbani kwa Chuma ni mpando tangu karakana mpaka mlangoni. Akashuka, akashika usukani kwa mikono miwili, akatutazama, nasi tukatazama beseni la Fundi.

Fundi akamwambia apumue taratibu. Kusukuma, akasema, kutakuja kwenyewe.