Pampu ya Kijiji Maskini Kuliko Vyote

Jumatatu, 7 Aprili

Habari kubwa! Mkoa umetangaza kuwa kijiji chenye dhiki kuliko vyote bondeni kitapewa pampu ya maji na tangi lake. Kimoja tu. Tume inakuja Jumanne ijayo kujionea.

Bonde letu lina vijiji viwili. Sisi Ait Wergen tuko upande wa jua. Wao Ait Zlay wako ng'ambo ya mto, upande wa kivuli, na tabia zao ni za kivuli vilevile. Mwenyekiti wa chama cha maendeleo cha kwetu ni mimi, Bassu. Nilichaguliwa kwa kauli moja, siku ambayo theluji iliwazuia wengine kufika. Wa kwao ni Mimun, muuza nyumbu wa mizigo, mtu ambaye hata salamu yake ina udalali ndani.

Nilimweleza mke wangu Itto. Hakushangilia. Alisema pampu ikija, binti yetu Tuda ataacha kushuka chemchemini na punda kila alfajiri, na Septemba ataweza kwenda sekondari mjini, akae bweni la wasichana. Sasa hivi hawezi. Goti la Itto limekwisha, na maji hayapandi mlima yenyewe. Nikamwambia atulie, jambo liko mikononi mwangu. Akauliza kwa nini tusiombe pamoja na Ait Zlay, maana chemchemi ni moja na wanawake wa kule anapiga nao soga kila siku. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Pamoja na Mimun! Itto hajui siasa.

Jumatano, 9 Aprili

Gulio. Nimemkuta Mimun kavaa jelaba lenye viraka. Mimun! Viraka vyenyewe vipya, uzi bado unang'aa. Akanipa mkono kwa unyonge, akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa wauza vitunguu kwamba siku hizi Ait Zlay wanachemsha kiazi kimoja kwa nyumba mbili. Nikamjibu kwamba sisi kiazi tunasimuliwa tu na wazee. Akasema kwao hata panya wamehama. Nikasema ndiyo, walikuja kwetu, wakatuonea huruma, wakaondoka. Watu walicheka sana. Nilishinda waziwazi. Lakini nimerudi na wasiwasi. Yule mtu amejiandaa.

Nimemwomba Itto anishonee viraka kwenye jelaba langu zuri. Akaniuliza kama nimerogwa. Nimeshona mwenyewe. Kimoja nimekishona pamoja na shati la ndani, sasa hata kuvua siwezi.

Ijumaa, 11 Aprili

Baada ya sala nilikusanya watu na kutoa mpango wangu. Ni mpango mzuri, nauandika hapa ili usipotee. Madishi ya televisheni yateremshwe. Mazulia yafichwe kwenye ghala la msikiti. Kondoo wapelekwe malisho ya juu. Watoto wasioge. (Hili liliungwa mkono na watoto wote.) Wageni wapewe mkate wa shayiri wa jana na maji, na wakalie magunia.

Jirani yangu Aqqa, fundi viatu, akauliza: mgeni akalie gunia? Nikasema ndiyo. Akauliza tena, kana kwamba nimesema amkalie mtoto wake. Imamu akasema kudanganya ni dhambi. Nikamweleza kwamba hatudanganyi, sisi maskini kweli, tunausaidia tu ukweli uonekane upesi kwa kuwa tume haina muda. Akaingia ndani, akafunga mlango. Nimechukulia kwamba amekubali.

Aliyenisumbua ni Mama Hadda, mamake Itto. Birika lake la fedha halifichwi. "Mgeni aingie kwangu akute sina birika, mkwe wangu? Nizike kwanza, ndipo ulifiche." Tulivutana mpaka alasiri. Mwishowe amekubali kulifunika kwa shuka.

Jumanne, 15 Aprili

Maafa.

Tume ilifika. Mhandisi ni mwanamke, Bi Skalli, mwenye viatu vya matope na maneno machache, na nyuma yake makarani wawili. Mwanzo ulikuwa mzuri ajabu. Watoto walikuwa wachafu wa kupendeza. Nilikohoa mlangoni kwa ustadi. Nikawakaribisha kwenye magunia.

Bi Skalli akainama akae. Sijui nilipatwa na nini. Wallahi sijui. Nilimwona mgeni, ndani ya nyumba aliyoijenga baba yangu, anakalia gunia la mbolea, na miguu yangu ikaondoka yenyewe. Niliporudi nilikuwa nimekumbatia godoro letu la harusi na mito yake yote ya hariri.

Basi ikawa hakuna wa kumzuia mwenzake. Mama Hadda aliingia na birika lake juu ya trei, shuka kajitupia begani. Aqqa alileta sinia la nyama, akaeleza kwamba kondoo mmoja aligoma kwenda malishoni, hakuona jingine ila kumchinja. Wakafuata kuku wa zeituni, kuskusi, siagi, asali, lozi. Mazulia yalitoka msikitini, na ncha moja imamu mwenyewe ndiye aliyeishika! Nyumba ambazo sikujua zina sahani zilileta sahani. Nilimnong'oneza Aqqa kwamba ametumaliza. Naye akaninong'oneza: "Mwenyekiti, wewe umemwekea mto wa hariri, mimi nimnyime nyama?"

Bi Skalli alikula, akashukuru, akasema mambo kadhaa, akatazama zulia, akaandika. Nilimhakikishia tena na tena kwamba tuna dhiki kubwa. Bahati mbaya nilikuwa nimeshika paja la kuku.

Alhamisi, 17 Aprili

Tumaini lilibaki moja: huenda Mimun ameharibu kuliko mimi. Ameharibu! Itto kaambiwa chemchemini na Fadma, mke wa Mimun. Walikuwa wamepanga kuwapa wageni supu ya maji na chumvi. Mimun alivumilia mpaka Bi Skalli aliposema bismillahi na kuinua kijiko. Hapo akampokonya bakuli, akatoka nje, akachinja kondoo wawili.

Nimefurahi mno. Kisha nikakasirika. Wawili! Na sisi mmoja tu! Watatuona wachoyo.

Jumatano, 23 Aprili

Jibu la mkoa limekuja. Vijiji vyote viwili havionekani kuwa na dhiki. Pampu huenda ikapelekwa bonde jingine.

Kijiji kizima kinanitazama mimi, kana kwamba ni mimi peke yangu niliyekula. Itto hasemi nami. Tuda alifunga madumu kwenye punda akashuka. Bora angenilaumu. Nilikaa kizingitini mpaka alipopanda tena, anamsukuma punda kwa bega, mikono imepasuka kwa baridi. Ana miaka kumi na mitatu. Iliniuma sana, sitaki kuficha. Nikajiambia hapana, lazima ajulikane mkosaji. Nimefikiri mchana kutwa. Ni lile birika.

Jumapili, 27 Aprili

Mambo yametendeka nyuma ya mgongo wangu! Itto na Fadma walipanda lori la mboga hadi mjini. Bila barua, bila muhuri, bila mwenyekiti. Wakamkuta Bi Skalli ofisini, wakamwambia: "Dada, sebuleni umeshatuona. Sasa njoo utuone tunapochota maji."

Naye kaja, leo alfajiri. Hawakumpa chai. Walimpa dumu. Alilipandisha mlima mzima mpaka Ait Wergen, njiani akamwaga nusu, akafika akakaa juu ya jiwe, anahema. Alipopata pumzi alisema kwamba mkoa unao utaratibu mwingine. Vijiji vikiomba pamoja na kutoa nguvu zao kuchimba mtaro, havishindanishwi na mtu: pampu inaletwa, mabomba yanaletwa. Tangi moja linawekwa juu ya kilima na kugawa maji pande zote mbili.

Nilimuuliza kwa ukali mbona hakusema tangu awali. Akasema alisema, siku ile ya kuskusi, mara mbili. Nilikuwa nakohoa.

Jumapili, 11 Mei

Tunachimba. Kila nyumba imetoa mtu, kama tunavyosaidiana wakati wa mavuno. Sisi tunaita tiwizi. Watu wanaimba. Ait Zlay wanaimba vibaya. Itto na goti lake anapika dengu kwa wachimbaji wote, na Tuda anabeba mawe huku anacheka, sijamwona akicheka hivyo tangu majira ya baridi.

Mimi nilipewa sururu, na mahali nilipopangiwa ni kando ya Mimun! Nikasema nina mgongo unaouma. Yeye akasema ana bega. Tumekaa kila mtu kivulini kwake, tunasimamia.

Adhuhuri, wote walipokwenda kuswali, nilisogeza vigingi vya mtaro kidogo kuelekea mlangoni kwangu. Bomba kuu likipita kwa mwenyekiti, wajukuu watajua nani alileta maji. Jioni Bi Skalli akapima, akasema vigingi viko palepale alipoviweka, akawasifu watu kwa uangalifu. Palepale! Sikuamini. Kisha nikakumbuka kwamba alasiri Mimun aliondoka kidogo, eti kumtafuta nyumbu. Mtu gani huyu, anasogeza vigingi vya umma!

Jumatano, 25 Juni

Maji yamefunguliwa. Vigelegele mpaka masikio yanauma. Mama Hadda aliweka mkono chini ya bomba, hakutaka kuuondoa, analia, anaomba dua kwa kila mtu aliyechimba. Kwa hiyo hakuniombea.

Kamati ya maji imechaguliwa. Ni Itto wa kwetu na Fadma wa kwao, kila mmoja na ufunguo wake wa tangi. Nilijitolea kuwa mwenyekiti wa heshima. Bi Skalli akauliza kazi yake ingekuwa nini. Sikuwa nimejiandaa kwa swali la namna hiyo. Wakaenda kwenye jambo lingine.

Nikasimama. Nikatangaza mbele ya vijiji vyote viwili kwamba mimi, Bassu, sitagusa tone la maji ya kamati isiyo na mwenyekiti. Nilingoja wanibembeleze. Aqqa akaniomba nisogee, nilikuwa nimemzibia bomba.

Jumatatu, 8 Septemba

Jana Tuda aliondoka. Sanduku jipya, daftari jipya, mikono imepona. Alinibusu mkono, akasema: "Baba, kunywa maji ya bomba, nakuomba. Nani atakusukumia punda?" Nikamwambia mwanamume ana neno moja. Gari lilipokata kona nililia. Nililia kweli, na Itto aliniona, na hakunicheka.

Leo alfajiri nimeshuka chemchemini na punda, kama kila siku tangu Juni, ila leo peke yangu. Mgongo umekwisha kabisa. Njia ina mawe ambayo Tuda hakuwahi kunitajia. Na nani nimemkuta? Mimun, na nyumbu na madumu! Kumbe naye aliapa kama mimi, jioni ileile maji yalipofunguliwa, nyumbani kwake. Miezi yote hii alikuwa anachota wakati wa magharibi nisimwone, lakini macho yake sasa hayaoni vizuri gizani, ndiyo kahamia alfajiri.

Nilisema nimefika kwanza. Akasema yeye ndiye aliyefika kwanza. Tukabishana mpaka jua likatufikia, na maji yanapita tu, hakuna mwingine anayeyataka. Akasema mlima wa kwao ni mkali zaidi, na tangu jana hajanywa chai. Nikasema mimi tangu juzi. Akasema ana bega. Nikamwonyesha mgongo.

Hapo nikagutuka. Hii ni dhiki! Wazee wasio na maji nyumbani, katika bonde hilihili, na mkoa umelala! Nimerudi mbio, yaani polepole, na sasa hivi naandika maombi ya pampu. Fadma kamwambia Itto kwamba Mimun naye anaandika ya kwake. Bi Skalli atalazimika kuja tena kutazama nani kati yetu ana dhiki zaidi.

Kesho nashuka peku, kabla Mimun hajapata wazo hilo.