Mchoraji Rasmi wa Yatima wa Msituni

Jumatatu, 3 Juni

Siku kubwa! Kituo cha kuwaokoa orangutani yatima, wale masokwe wekundu wa msitu wetu, ng'ambo ya mto, kimenihitaji. Miaka minne nimewapelekea barua za kujitolea, kila barua na picha yangu ndani. Leo Bu Lamiang, mama anayewaongoza walezi, kaja mwenyewe kwa boti, kaketi kwenye ngazi yetu, kakataa chai. Anataka nyoka.

Nyoka wao wa mpira ameliwa. Walezi humburuta chini ya miti huku wakipiga mayowe, ili watoto wajifunze kuogopa na kukimbilia juu. Mama zao wangewafundisha, lakini mama zao waliuawa kwenye mashamba ya michikichi.

Shida hasa ni Kelawi. Ana miaka sita, na utotoni alifugwa nyumbani kwa mtu, akivishwa gauni. Kujenga kiota anajua, matunda ya porini anayajua, lakini haogopi chochote. Kila kinachotembea ardhini anashuka kukikumbatia! Jumamosi wakubwa wanapelekwa kisiwani wakaishi bila walezi. Asipoogopa kufikia hapo, atabaki kizimbani mpaka mwakani. Bu Lamiang aliyasema hayo huku anatazama mto.

Nikamwambia aondoe shaka, kapata mtu. Akasema alianza kwa Pak Sukarto, ila ana kazi nyingi. Sukarto! Mchora mikokoteni ya supu! Kwa heshima ya mgeni nikaenda kukata henzirani.

Jumanne, 4 Juni

Chatu amekamilika. Mita nne, mifupa ya henzirani, ngozi ya turubai. Magamba ya dhahabu. Mgongoni nimempa maua ya kujipinda, kama yale ya ngao ya babu. Etae, mke wangu, kauliza kwa nini nyoka ana kope. Nikamweleza habari za haiba. Akasema nyoka mzuri hivyo, hata yeye angekubali kuolewa naye. Nimezipokea sifa hizo na kuoga mapema.

Jumatano, 5 Juni

Uzinduzi. Nilivalishwa barakoa na kufichwa nyuma ya kichaka, kwa kuwa yatima hawatakiwi kuwazoea wageni. Walezi wakaburuta, wakapiga mayowe. Kelawi akashuka. Akamtazama chatu wangu, akambusu, akajivika shingoni. Wenzake saba wakashuka kusubiri zamu!

Bu Lamiang kanifuata kichakani. "Pak Ruhan, mimi nimekuagiza nyoka, wewe umeniletea bwana harusi?"

Nikamwambia huo ni ushindi wa sanaa. Kelawi hakukubali kumwachia chatu, hata kwa maziwa.

Alhamisi, 6 Juni

Sukarto kajitokeza. Kaleta kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, kakipaka rangi nyeusi, kakichora jicho moja. Moja! Kipande kilipoburutwa yatima saba waliruka juu kama waliochomwa. Kelawi alibaki chini, kamkumbatia chatu wangu, anatazama tu.

Sukarto kasema eti nisijali, bwana, kila mtu na kipaji chake. Mchora mikokoteni ya supu ananifariji mimi!

Kisha nikamkuta Bu Lamiang nyuma ya jiko la kituo, analia. Kasema alimpokea Kelawi akiwa mdogo kama paka, na kesho ndiyo siku ya mwisho ya kumpima. Nilijisikia vibaya sana. Nilikula shokishoki kumi na moja nikiwa nimesimama.

Lakini nina mpango. Jumamosi watakuja wageni kuaga boti. Kesho naipeleka picha yangu kubwa, "Msanii Akitafakari", niitundike ukumbini kabla Sukarto hajauwahi ukuta. Mimi mwenyewe, uso mtupu, mita mbili kwa moja na nusu. Itawapa walezi moyo.

Ijumaa, 7 Juni

Nimepita njia ya msituni ili Sukarto asinione. Picha nimeishika mbele yangu, naona miguu yangu tu. Nikasikia matawi. Kelawi huyo, anashuka kunikumbatia, chatu shingoni.

Akakutana na uso.

Manyoya yalimsimama! Akafyonza midomo kwa ukali, kama wafanyavyo wakiona adui, akamtupa chatu, akapanda mpaka kileleni, akaanza kunivunjia matawi kichwani. Bu Lamiang alikuja mbio tayari kunifukuza. Akaitazama picha, naye akarudi hatua mbili. Kisha akaniomba nitembee tena.

Nimetembea mara tatu. Kila mara Kelawi alizidi kupanda. Mara ya tatu akajenga kiota huko huko na hakushuka hata kwa maziwa. Mchana wakaburuta mpira wa Sukarto: akaukimbia kabla haujafika. Bu Lamiang kalia tena, safari hii huku anacheka.

Jumamosi, 8 Juni

Kelawi ameondoka. Tulitazama kutoka kwenye boti. Mlango wa kizimba ukafunguliwa kisiwani, akapanda mti wa kwanza, akaenda zake bila kugeuka. Nilimpungia kofia, nakiri. Bu Lamiang alinishika mkono akasema, asante, kaka.

Na sasa habari yenyewe. Wanaitaka picha! Si ya ukumbini. Itaburutwa msituni kila Jumanne na Alhamisi, mbele ya yatima wote watakaokuja. Maonyesho ya kudumu! Sukarto mwenyewe kanipa mkono, kasema tangu azaliwe hajaona uso kama ule. Wivu unamtafuna, maskini. Chatu wangu wamepewa wachanga, wanamlalia.

Bu Lamiang kanisihi nisibadilishe kitu. Hata kidogo, Pak Ruhan, tafadhali. Karudia mara nne. Sijawahi kuona mtu aliyeguswa na sanaa namna ile.

Nimeomba nikae nayo mpaka Jumatatu niitie fremu. Nikiitazama hapa sebuleni, naona kweli ina kasoro moja: inatisha kidogo. Etae kasema si kidogo. Rangi nimeshachanganya. Kesho naiongezea tabasamu, na kope.